Ukuta wa Alexandria na herufi za kukopa

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa darasa alituonyesha kwenye simu yake picha ya ukuta mrefu wa mawe ya kijivu, umechongwa alama toka juu hadi chini: herufi za Kiarabu, za Kigiriki, na nyingine nyingi ambazo hakuna kati yetu aliyezitambua. Ni ukuta wa maktaba ya Alexandria, nchini Misri. "Tafuteni yetu," akasema. Tukatafuta, tukacheka. Kisha mwingine akanigeukia: "Unaona? Lugha zetu hazina maandishi. Na wewe unapoteza mwaka mzima kwa ajili ya Kilega."

Siku ile nilinyamaza. Leo najibu.

Kwanza nilisifu jengo lenyewe. Mgeni wa Alexandria huelekezwa kwenye ngome ya Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 mahali uliposimama mnara wa taa wa kale, na kwenye nguzo ya Pompey. Aende, ni vizuri. Lakini mimi ningemshauri aanzie Shatby, jirani na chuo kikuu, ambako maktaba mpya inatazama bahari. Ilizinduliwa Oktoba 2002, kwa mchoro wa kampuni ya Snøhetta ya Norwe, na iligharimu dola zipatazo milioni 220. Ni duara lenye kipenyo cha mita 160, limeinamia upande wa bahari kama jua linalochomoza, na sehemu yake moja imezama ardhini. Ndani, ukumbi wa kusomea unashuka ghorofa kwa ghorofa kama ngazi kubwa, zote chini ya paa moja, na mwanga huingia kwa madirisha ya paa bila jua kuchoma kurasa. Mwanzoni mwa 2011, wakati wa maandamano, vijana wa mji walishikana mikono kuizunguka ili isiharibiwe. Jengo linalolindwa hivyo limekwisha kuwa mali ya watu.

Sasa tuutazame ukuta. Ni wa mawe ya matale kutoka Aswan, na alama zake zimechukuliwa kutoka mifumo ya maandishi ipatayo 120. Mifumo ya maandishi, si lugha. Mwanafunzi wa isimu hapaswi kulipita neno hilo. Dunia ina lugha zaidi ya 7,000. Kwa hiyo lugha nyingi mno hazina herufi zilizo zao peke yao, na Kifaransa ni mojawapo. Anayetafuta herufi za Kifaransa kwenye ukuta ule ataziona za Kilatini tu. Mbele ya mawe yale Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili na Kilega wamepanga mstari mmoja wa wakopaji. Tena Kiswahili kilikwisha kukopa mara mbili: pwani kiliandikwa muda mrefu kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuvaa za Kilatini, na hakikuacha kuwa Kiswahili.

Warumi nao walikopa. Walipokea kutoka kwa Waetruski, hao kutoka kwa Wagiriki, nao kutoka kwa Wafoinike. Nyuma yao wote wako watu ambao, karibu miaka 4,000 iliyopita, walichukua picha za maandishi ya Misri wakazifanya herufi za sauti. A ilikuwa kichwa cha ng'ombe. M ilikuwa mawimbi ya maji. Basi kila niandikapo "maji", herufi ya kwanza imetoka barani kwetu.

Najua pingamizi litakalokuja. Kilega kina irabu saba na toni, na herufi tano za irabu za Kilatini hazitoshi. Ni kweli. Lakini Kifaransa nacho kina irabu nyingi kuliko herufi zake; wenyewe waliweka vialama juu, wakaunganisha o na u, wakaendelea kuandika. Wengine watataka herufi zetu wenyewe, kama Mandombe aliyoibuni Wabeladio Payi mwaka 1978. Naiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo, herufi yoyote, ya kukopa au ya kubuni, inahitaji maandiko ya kusomwa.

Ndiyo maana naomba tuingie ndani ya maktaba. Rafu zake zilipangiwa vitabu milioni 8. Mwaka 2010 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilipeleka pale vitabu vipatavyo 500,000. Kifaransa, ambacho hakina herufi yake ukutani, kimejaa rafuni.

Na sisi? Tunaandika kazi zetu za kumaliza masomo kwa Kifaransa, juu ya lugha zetu. Kurasa mia za uchambuzi, na ndani yake sentensi chache za mfano: mtoto anakula, mwindaji ameua mnyama. Masimulizi tuliyokusanya kijijini yanabaki kwenye simu, na simu ikijaa tunayafuta. Mzee aliyetusimulia akifariki, hatuna tena pa kuuliza.

Napendekeza jambo moja kwa waalimu wetu. Kila anayechunguza lugha ya Kiafrika aambatishe kurasa ishirini za maandiko katika lugha hiyo, hadithi, mashauri ya ukoo au maelezo ya kazi, pamoja na tafsiri, na nakala moja ibaki katika maktaba ya kitivo. Mtaniambia ni mzigo juu ya mzigo. Lakini sauti tayari tunazo. Kilichobaki ni kukaa na kuandika.

Mimi nimefikisha kurasa kumi na nne. Ni shangazi yangu anayeeleza jinsi mashauri ya ndoa yalivyokuwa yakiendeshwa, na mahali pawili bado sijaamua irabu ipi niandike. Mwenzangu aliyenicheka anasema Kilega vizuri kuliko mimi. Namwomba aje tusikilize pamoja.