Akina mama wa Goma na Bukavu warudishiwe kwanza akiba yao

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, banki na nyumba za mikopo midogo zilifunga milango. Bukavu ilifuata katikati ya Februari. Yalisemwa mengi juu ya mishahara ya walimu na askari, na juu ya wafanyabiashara wakubwa. Machache yalisemwa juu ya mama mwenye kuuza sambaza Kituku ao makala Birere, ambaye alikuwa anaweka franka zake kidogo kidogo kwenye COOPEC. Kitabu cha akiba kiko naye nyumbani. Pesa hana.

Mama huyu alikuwa ameitika mwito. Kwa miaka mingi akina mama wa Kivu waliambiwa waache kuficha pesa chini ya godoro, wajiunge na mikrofinansi, waweke akiba, ndipo wapate mkopo. Waliitika, na wengi waliona faida. Mwenye kukopa kwa mwenye duka ananunua kwa bei ya huyo mwenye duka. Mwenye mtaji wake ananunua gunia zima la maharagwe kwa bei ya jumla. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo minerval ya mtoto, na wakati mwingine ndiyo dawa.

Sheria yenyewe ilichelewa kumfikia. Kanuni ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kujifunga kisheria. Jambo hilo liligeuzwa na sheria ya Julai 2016. Hata leo kuna nyumba ambamo mama anaweka kidole kwenye mkataba, baba anachukua noti, kisha ni mama anayefuatwa sokoni siku ya kulipa. Mkopo wa namna hiyo haumwinui mtu, hata kama kwenye ripoti anahesabiwa kuwa mwanamke aliyesaidiwa.

Banki zilipofungwa, kilichobaki ni kile akina mama walichojenga wao wenyewe: likelemba, na zaidi AVEC, chama cha akiba na mikopo cha mtaa ao kijiji. Mtindo wa AVEC ulianzia Niger mwaka 1991, kati ya wanawake wa Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea Afrika. Watu kama ishirini, sanduku moja, kufuli tatu, na funguo mikononi mwa watu watatu mbalimbali. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Faida ya mikopo haiendi mbali: mwisho wa mwaka inagawanywa kati ya wanachama wenyewe.

Lakini tusilibebeshe sanduku mzigo usio wake. Wanachama wakikimbia vita, chama kinavunjika. Wezi wakijua mahali linapolala, ni hatari kwa mwenye nyumba. Tena wote wanauza soko moja. Soko likilala, wote wanakosa kulipa siku ileile. Ndiyo maana akiba kubwa ilipelekwa COOPEC.

Mashirika yanapenda sana kutangaza miradi mipya ya kuinua wanawake. Kabla ya mkopo mpya, mwanamke arudishiwe franka zake za zamani. Kwa hiyo wanaopashwa kujibu ni watatu: Banki Kuu ya Congo, viongozi wa nyumba za mikopo, na wale wanaoshika miji hii kwa silaha. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na kila mmoja ana sehemu yake. Tena ni haki gani kumhesabia mtu faini ya kuchelewa kwa siku ambazo dirisha la kulipia lilikuwa limefungwa? Faini hizo zifutwe kwa maandishi, si kwa ahadi ya mdomo.

Njia ya kulipa si ya kubuni. Pesa za simu zinafika Goma na Bukavu, ingawa noti ni chache, zimechanika, na kuzitoa kunamgharimu mtu komisyo. Nyumba ya mikopo yenye ofisi Kinshasa ao Butembo inaweza kuanza na akiba ndogondogo, zile za chini ya dola mia moja, ikizituma kwenye simu ya mwenye kitabu, na komisyo iwe juu yake, si juu ya mama wa Kituku.