Chumvi ya Uvinza Inastahili Kukumbukwa

Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 15, mwishoni mwa orodha ndefu ya miji ya kabila la Yuda, aya ya 61 na 62 zinataja miji sita ya nyikani: Beth-araba, Midini, Sekaka, Nibshani, Mji wa Chumvi na Engedi. Engedi tunaijua kidogo, kwa kuwa ndiko Daudi alikojificha alipokuwa akimkimbia Sauli. Mji wa Chumvi hauna hata hicho. Hautajwi tena popote katika Biblia, hauna mfalme, nabii wala vita. Hata hivyo mji huo wa kutajwa mara moja umewatoa jasho wataalamu wa mataifa mengi. Mwaka 1938 mtaalamu wa Kijerumani Martin Noth alipendekeza kwamba ulikuwa Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Padri Roland de Vaux alipochimba hapo kati ya 1951 na 1956 alikuta, chini ya majengo yanayohusishwa na magombo mashuhuri ya Qumran, mabaki ya makazi ya zamani zaidi, ya enzi za wafalme wa Yuda. Mwaka 1955 Frank Cross na Józef Milik walichimba magofu matatu katika bonde la karibu, nao wakadai kwamba ndiyo Midini, Sekaka na Nibshani. Wengine walipinga, wakasema Qumran ndiyo Sekaka yenyewe. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Sioni kosa katika juhudi hizo, maana watu wa mahali padogo wana haki ya kukumbukwa. Haki hiyohiyo naidai kwa mji wa chumvi ulioko mkoani Kigoma.

Uvinza iko kusini-mashariki mwa Kigoma mjini, kwenye Reli ya Kati, jirani na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Hapo chemchemi hutoa maji yenye chumvi nyingi kuliko ya baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walifanya utafiti hapo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1968 katika jarida la Azania. Walikuta majiko, majivu na vigae vya vyungu vya mitindo ya nyakati mbalimbali, tabaka juu ya tabaka. Vipimo vya makaa vilionyesha kwamba kazi ya chumvi ilikuwa ikifanyika hapo tangu karne ya tano au ya sita Baada ya Kristo. Hiyo ni miaka takriban 1,500. Ukitafuta mahali pengine nchini ambapo watu wameendelea na kazi ileile muda wote huo, hutapata pengi. Kilwa Kisiwani, tunayoisifu kwa haki, ilikuwa bado haijajenga msikiti wake wa mawe wakati vyungu vya Uvinza vilipokuwa tayari vinachemka.

Kazi yenyewe ilihitaji nguvu na ujuzi. Masika mto hufurika na kuyazimua maji ya chumvi, kwa hiyo msimu ulikuwa kiangazi, maji ya mto yanapopungua na mashimo ya kingoni kuchoteka. Maji hayo yalipelekwa kwenye vyungu vilivyopangwa juu ya majiko, yakachemshwa kutwa, yakaongezwa kila yalipopungua, mpaka ikabaki chumvi nyeupe iliyogandamana. Kuni zilitoka katika misitu ya miombo ya jirani. Kila chungu kilipasuka hatimaye, ndiyo maana ardhi ya hapo imejaa vigae. Chumvi ilifungwa mizigo ya kubebeka, na wanunuzi walikuja kutoka Uha, Unyamwezi na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mtu anayeishi kwa ugali wa mtama na mboga hawezi kuikosa chumvi, na pale ilipoadimika watu walichuja majivu ya nyasi na matete, wakapata kitu kichungu cha kuponea. Chumvi safi ya Uvinza ilikuwa mali. Msafiri Richard Burton, aliyefika Ujiji na John Speke Februari 1858, aliisifu. Katika soko la Ujiji, ambako mawese, samaki wakavu, nafaka na pembe za ndovu viliuzwa, na shanga ziitwazo sofi zikatumika kama fedha, chumvi hiyo nayo ilikuwa na nafasi yake. Watawala wa Uvinza walijua thamani ya mahali pao. Walisimamia uvushaji katika Malagarasi, na hakuna msafara uliopita bila kutoa hongo.

Yote haya yako kwenye ardhi na kwenye maandishi, lakini mgeni akifika Kigoma anapelekwa Gombe kuona sokwe, kisha Ujiji kuona mnara wa Livingstone na miembe yake. Ujiji ina makumbusho kwa sababu ya mazungumzo ya Waingereza wawili, Livingstone na Henry Stanley, ambayo Stanley aliyaandika kuwa yalifanyika tarehe 10 Novemba 1871, tarehe ambayo hata wanahistoria wanaitilia shaka. Siku chache kabla ya kufika huko, Stanley alivuka Malagarasi katika nchi ya Uvinza, na mamba akamkamata punda wake aliyeitwa Simba. Kitabu cha Stanley kimelihifadhi jina la punda huyo. Wachemsha chumvi wa Uvinza, waliokuwapo kabla yake na wakaendelea baada yake, hakuna hata mmoja tunayemtaja kwa jina. Hapo ndipo ninapoona tatizo letu. Tumekubali kwamba mahali huwa pa kihistoria mgeni mwenye kalamu anapopita, na kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vinastahili, na mateso ya waliotembezwa njia hiyo hayapaswi kusahaulika kamwe. Ila Uvinza, ambayo ilikuwa inaivutia misafara na kuilisha chumvi, na ambayo ni kongwe kuliko misafara hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja, haimo.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba Uvinza ya kale haikuwa mji: watu walikuja kiangazi, wakajenga vibanda vya muda, wakavuna chumvi na kurudi makwao kulima, bila ukuta wala jengo la mawe. Ni kweli kwamba umati wa kiangazi ulitawanyika mvua zilipoanza. Lakini hata ile miji sita ya Yoshua, wataalamu wanapoitafuta, hawatafuti jiji. Magofu yale matatu aliyochimba Cross na mwenzake ni ngome na mashamba madogo yaliyotegemea mabwawa ya kukinga maji ya mvua, na makazi hayo yalidumu muda mfupi. Tukiuhukumu umuhimu wa mahali kwa mawe, tutabaki na pwani peke yake, na sehemu kubwa ya bara letu tutaihesabu kuwa tupu. Mahali ambapo watu hurudi kila mwaka kwa karne kumi na tano, wakiwa na kazi moja, soko moja na mtawala anayetoza ushuru, pana haki ya kuitwa kitovu cha ustaarabu, hata kama nyumba zilikuwa za nyasi.

Wengine watasema kiwanda kimekwisha kuivuruga ardhi yenyewe. Wajerumani walijenga kiwanda cha chumvi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na uzalishaji wa kisasa ukaendelea chini ya jina la Nyanza Salt Mines, ambalo wakazi wa magharibi wanalifahamu vizuri. Sehemu ya mabaki bila shaka imepotea. Hata hivyo Sutton na Roberts walichimba zaidi ya miaka 60 baada ya kiwanda kuanza na bado wakakuta tabaka za kusomeka. Kuharibika kwa sehemu ni sababu ya kuharakisha kulinda iliyobaki. Tena kiwanda chenyewe ni ushahidi kwamba kazi haikukatika. Chumvi iliyochemshwa kwa vyungu ikaja kuchemshwa kwa mitambo, palepale, na historia hiyo ya kazi inavutia kuliko magofu yasiyo na mtu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umaskini. Wilaya ya Uvinza, iliyoanzishwa mwaka 2012, inahitaji maji, barabara na zahanati. Nani atatenga fedha kwa ajili ya vigae? Swali hili silidharau. Ninajibu kwamba ninachodai kwa sasa hakidai jengo la mabilioni. Uganda haikuwa na fedha za kuchezea ilipokiweka Kibiro, kijiji cha wachemsha chumvi kando ya Ziwa Albert, kwenye orodha yake ya awali ya UNESCO mwaka 1997. Huko mwanaakiolojia Graham Connah alichimba, akaonyesha ukale wa kazi hiyo, na akina mama wa kijiji bado wanaifanya kwa ujuzi waliorithi. Kuandika jina la mahali kwenye orodha, kuupima mpaka wa eneo na kuweka bango la maelezo ni mambo ya kalamu na nia. Zaidi ya hapo, hasara ya kutofanya chochote haitarudishwa na bajeti yoyote, kwa kuwa tabaka likichimbuliwa na katapila huwezi kulipanga upya.

Na makatapila yako njiani. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Tawi la kwenda Musongati nchini Burundi, linalokusudiwa kubeba nikeli, linaanzia Uvinza, na mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2025. Ninaiunga mkono reli hiyo kwa moyo wote. Kigoma imesubiri kwa muda mrefu sana kuunganishwa vizuri na nchi yake. Lakini stesheni, kambi za wafanyakazi, mashimo ya kokoto na barabara za muda vitahitaji ardhi, na mtu asiyejua kilicho chini ya majivu ataona mahali pazuri pa kumwaga kifusi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini kabla ya mradi mkubwa. Hatuhitaji sheria mpya, tunahitaji waliokabidhiwa hizi zilizopo wafike Ruchugi na ramani mkononi kabla ya mkandarasi.

Kwa hiyo nawaomba Wizara ya Maliasili na Utalii, uongozi wa mkoa wa Kigoma na halmashauri ya Uvinza wafanye mambo wanayoyaweza kiangazi kijacho, mto ukiwa chini. Waitwe wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipime upya eneo la chemchemi na kuonyesha pale pasipofaa kuguswa. Wazee wa Kivinza wanaokumbuka desturi za kufungua msimu wa chumvi wahojiwe na kurekodiwa kwa lugha yao. Matokeo ya utafiti wa 1968 yafasiriwe kwa Kiswahili, yawekwe katika shule za wilaya. Na makumbusho ya Ujiji, ambayo tayari yana paa, mlinzi na wageni, yatenge ukuta mmoja wa kuonyesha vigae vya Uvinza, na pembeni yake ramani ya njia ambayo mizigo ya chumvi ilipitia hadi sokoni, kutoka chemchemi zilizokuwa zikifanyiwa kazi miaka elfu moja na zaidi kabla ya mwaka 1871.