Shavu Jeupe: Majibu kwa Wanaosema Vilindi vya Baridi ni Makaburi

Ukifika mwalo wa Ggaba, Kampala, mapema, kabla jua halijapanda juu ya Nnalubaale, yaani Ziwa Victoria, utaona kila mnunuzi anafanya jambo moja. Haulizi bei kwanza. Anaingiza kidole gumba chini ya shavu la mputa, yaani sangara, analifunua, anachungulia. Likiwa jekundu, mazungumzo ya bei yanaanza. Likiwa jeupe, samaki anarudishwa kwenye barafu bila neno.

Nilikuwa nimefunua shavu hivyo hivyo, Jumamosi moja, nilipomwambia Hajji, muuzaji ninayenunua samaki kwake, kwamba kusini kabisa mwa dunia wako samaki wenye mashavu meupe tangu kuzaliwa, wazima, wanaogelea kwenye maji ya baridi kuliko barafu yake. Hajji alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mwalimu, barafu hii mimi naileta ya nini? Kumfuga samaki au kumzika?"

Meza nzima ikaingia kwenye ubishi, nami nikarudi nyumbani na samaki mmoja na madai matano. Si madai ya sokoni peke yake. Nimeyasikia kwenye chumba cha walimu na ndani ya teksi za Kansanga, kwa watu waliosoma na wasiosoma. Nayajibu moja baada ya jingine, na pale msemaji alipo na haki nitampa haki yake.

Dai la kwanza: "Maji ya kugandisha huua kila kiumbe"

Kuhusu mputa, Hajji amesema kweli. Samaki huyu amezoea maji ya nyuzi joto 24 au 26. Mtie kwenye barafu, hatachukua muda kufa.

Lakini bahari ina chumvi, na chumvi huchelewesha kuganda. Maji ya bahari ya Antaktika hukaa majimaji mpaka karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Damu ya samaki haina chumvi nyingi kama bahari, kwa hiyo ilitakiwa igande kabla ya maji yanayomzunguka. Kwa hesabu hiyo, samaki wa huko wangekuwa mawe ya barafu yanayoelea.

Mmarekani Arthur DeVries alikwenda kituo cha McMurdo, Antaktika, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa bado kijana, akalishughulikia fumbo hilo. Jibu, lililochapishwa mwaka 1969, lilikuwa ndani ya damu yenyewe: protini zilizoshikamana na sukari, ambazo hukimbilia kila chembe ndogo ya barafu iliyopenya mwilini, zikaikumbatia, isipate nafasi ya kukua. Chembe inabaki chembe. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Samaki hawa huziba ufa kila dakika ya maisha yao.

Na shavu jeupe? Mwaka 1954 Johan Ruud wa Norway alichapisha taarifa ya samaki-barafu, jamii ambayo samaki wake waliokomaa hawana hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Damu yao ni kama maji yenye ukungu. Wanaishi bila rangi hiyo kwa sababu maji ya baridi yana oksijeni tele, inayoyeyuka moja kwa moja kwenye damu, na moyo wao mkubwa husukuma damu nyingi kuliko samaki wa kawaida wa ukubwa wao.

Dai la pili: "Huko chini sana hakuna hewa"

Aliyesema hivi ni kijana mchukuzi aliyewahi kuvua. Alieleza kwamba ukishusha nyavu mpaka chini kabisa wakati ziwa limetulia, unaweza kuvuta samaki waliokwisha kufa, wanaonuka. Simkatalii. Anasema alichokiona, na vipimo viko upande wake.

Ziwa letu, pale lilipozama zaidi, lina mita 80 hivi. Kwa kulinganisha na bahari, hiyo ni beseni. Lakini maji yake ni ya joto mwaka mzima, na joto lina madhara mawili. Kwanza, maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: lita moja ya maji ya nyuzi 25 haibebi zaidi ya miligramu 8 hivi, ilhali lita ya maji ya bahari yanayokaribia kuganda hubeba karibu 12. Pili, kwenye joto hilo, tofauti ya nyuzi moja au mbili hutosha kuyatenga maji ya juu na ya chini, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ya juu yanapata hewa. Ya chini yanaachiwa mwani uliokufa, na bakteria wanaouozesha wanaimaliza oksijeni yote.

Mwaka 1960 na 1961 J. F. Talling, akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, alipima oksijeni ya ziwa hili kutoka juu mpaka chini. Miaka 30 baadaye Robert Hecky na wenzake wakalinganisha vipimo vyao na vile. Maji ya chini yaliyokosa hewa yalikuwa yameongezeka sana, na sababu kubwa ni rutuba inayoingia ziwani kutoka mashambani na mijini na kuunenepesha mwani. Tanganyika ni shahidi mkubwa zaidi. Kina chake kinafika mita 1,470, lakini samaki wake wanaishi kwenye mita 100 hadi 200 za juu. Chini ya hapo kuna zaidi ya kilomita nzima ya maji yasiyo na oksijeni, ambamo ni bakteria tu wanaoweza kuishi.

Kosa la kijana wetu ni kuipeleka kanuni ya Nnalubaale mpaka Antaktika. Asione haya, kwa kuwa msomi mashuhuri alimtangulia. Edward Forbes wa Uingereza alikokota nyavu za sakafuni kwenye Bahari ya Aegean mwaka 1841 na 1842. Kadiri alivyoshuka, wanyama walipungua, akapiga hesabu kwamba wakifika pima 300 watakuwa wamekwisha kabisa. Aegean ni bahari ya vuguvugu iliyo maskini wa chakula. Forbes aliipima hiyo, akaihukumu dunia nzima. Na ushahidi wa kumpinga ulikuwa umekwisha kupatikana: mwaka 1818 John Ross, akiwa kwenye maji ya baridi ya Baffin Bay, alivuta kutoka kina cha mamia ya pima minyoo na kiti cha pweza mwenye mikono yenye matawi. Hata hivyo, neno la Forbes lilitawala miaka mingi, na safari ya meli Challenger, kuanzia 1872 hadi 1876, ndiyo iliyolizika.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyokwenda huko kwenye ncha za dunia. Maji ya juu yakipoa, na barafu inayoganda ikiyaachia chumvi yake, yanakuwa mazito yanazama. Hayazami mikono mitupu. Yanashuka na oksijeni, kisha yanatambaa polepole juu ya sakafu ya bahari zote. Sehemu yake hupenya Mlango wa Amirante, karibu na Shelisheli, ikaingia Bonde la Somalia. Mbali nje ya Lamu, kilomita kadhaa chini ya jahazi, yamelala maji ya nyuzi moja au mbili tu, ambayo asili yake ni Antaktika, na bado yana hewa ya kupumuliwa.

Vilindi vya bahari vinavuta pumzi kwa sababu ya baridi. Vya maziwa yetu vinakosa pumzi kwa sababu ya joto.

Dai la tatu: "Pasipo jua hakuna chakula"

Dai hili lina nguvu. Mimea haioti gizani, na mwisho wa yote karibu kila mnyama hula jua, awe ng'ombe wa Ankole au mukene, yaani dagaa, wa Kasenyi. Lakini chakula kinaweza kusafiri. Mabaki ya mwani na viumbe wadogo hunyesha kutoka juu mchana na usiku, na mikondo huyasukuma mbali. Na ziko chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari, zikiwemo za Aktiki, ambako bakteria hutengeneza chakula kwa kemikali zinazotoka ardhini, bila mwanga.

Kisa ninachokipenda kilichapishwa mwaka 2021. Watafiti wa Uingereza walitoboa takriban mita 900 za barafu ya Filchner-Ronne, Antaktika, kilomita 260 kutoka bahari iliyo wazi. Walitaka kuchota tope la sakafu. Chombo chao kikagonga jiwe. Mtu yeyote angeudhika. Kamera iliposhushwa, juu ya jiwe hilo walionekana sifongo na wanyama wengine wenye vikonyo, wamejishikiza, wanaishi kwenye giza la kudumu. Huw Griffiths na wenzake walikiri kwamba kwa nadharia zilizokuwepo, wanyama hao hawakutarajiwa kuwa pale. Wanakula nini hasa, na chakula kinawafikiaje, bado ni kazi ya kutafitiwa.

Dai la nne: "Hata wakiwepo ni wachache"

Mwezi Februari 2021 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilikuwa Bahari ya Weddell ikikokota kamera karibu na sakafu, kwenye kina cha kati ya mita 420 na 535. Kikaonekana kiota cha samaki: duara kama beseni kubwa, upana wa sentimita 75 hivi, limefagiliwa tope, mayai yamo ndani, samaki-barafu mmoja analinda. Mtu aliyemwona ngege wetu akichimba kiota kwenye maji machache angekitambua mara moja. Kisha kingine. Kisha kingine. Meli ilisonga saa baada ya saa na viota havikwisha.

Autun Purser na wenzake walikadiria viota milioni 60 kwenye kilomita za mraba 240, vyenye mayai vikiwa na wastani wa mayai 1,700 hivi. Wilaya ya Kampala yote, tangu Kawempe hadi Makindye, ni kilomita za mraba 189. Chukua mji huu wote, ongeza robo yake, kisha weka kiota kila baada ya hatua mbili tatu, barabarani, uwanjani, sebuleni. Huo ndio uchache wenyewe.

Hata hivyo dai hili lina punje ya kweli. Maisha ya baridi huenda taratibu. Papa wa Greenland, kwa vipimo vya lenzi za macho vilivyochapishwa mwaka 2016, anaweza kuishi miaka isiyopungua 272. Kiumbe anayekua hivyo hawezi kuvuliwa kwa kasi ya mukene. Ndiyo maana inafaa tumjue kabla ya kumfikia na nyavu.

Dai la tano: "Hayo ni ya wazungu, sisi hatuna hata bahari"

Mama mmoja aliyekuwa akipara magamba pembeni ndiye aliyelisema, bila kuinua macho: "Hospitali haina dawa, mwalimu anatuletea samaki wa barafu." Nilikubaliana naye kwa nusu. Serikali ya Uganda ikinunua meli ya kuvunja barafu kesho, nitakuwa wa kwanza kuandamana.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka 1990 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. Mkataba huo unasema sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote ni urithi wa wanadamu wote, wenye pwani na wasio nayo. Kwenye suala la kuchimba madini ya vilindi, Kampala ina kura. Mwenye kura asiyejua kilichoko chini atapigiwa hesabu na wengine.

Tena elimu yenyewe ni moja. Kipima joto kinachoshushwa kwa kamba, chupa inayofungwa chini ikaleta maji ya kilindi, kipimo cha oksijeni: vifaa vinavyotegua fumbo la Weddell ndivyo vinavyotegua la Ggaba. Kituo cha Jinja kimekuwepo tangu 1947. Mwanzoni mwa 2021 mizoga ya mputa ilipojaa kwenye fukwe, uvumi wa sumu ulienea haraka kuliko boda. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba dhoruba zilikuwa zimeyavuruga maji ya juu na ya chini, na hewa ikapungua. Mputa ni samaki asiyevumilia upungufu wa oksijeni. Aliyefahamu tabia ya maji ya chini hakuhitaji kumtafuta mchawi.

Nilirudi Ggaba Jumamosi iliyofuata na picha ya samaki-barafu kwenye simu. Hajji aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole, akaangalia shavu. Akaniuliza, "Na huyu akifika hapa mezani, nitamjuaje kama ameoza?"

Hilo ni swali la mtafiti, na sikuwa na jibu lake. Nikamfunulia mputa wangu, nikaona wekundu, nikalipa. Kanuni ya shavu jekundu ni ya kweli kabisa, hapa Ggaba.