Haki Isiyosomeka

Pumwani, mtaa wa wahamiaji tangu miaka ya 1920, unapakana na Eastleigh wanakoishi wakimbizi wengi kutoka Somalia na Ethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi; hata hivyo, bila kibali, mwanamke mwenye cheti cha ualimu huweza kuishia kufua nguo za watu kwa ujira wa siku. Aidha, sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mama kutoka Bukavu anazungumza Kiswahili, lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Haki asiyoielewa ataidaije? Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kumtafsiria sheria hiyo, badala ya kukicheka Kiswahili chake.