Krismasi na Mali: Furaha Isiyofika Januari

Desemba ina siku 31 na Januari ina siku 31, lakini mfukoni mwa askari miezi hiyo miwili hailingani hata kidogo. Mshahara wa Desemba ukilipwa kabla ya sikukuu, tuseme tarehe 20, na ule wa Januari ukangojewa hadi mwisho wa mwezi, familia hukaa siku zipatazo arobaini kwa fedha zilizokusudiwa siku thelathini. Katikati ya siku hizo ndipo inapoangukia Krismasi, na haupiti muda mrefu karo za muhula wa kwanza zinabisha hodi. Hali hii hurudi kila mwaka, na kila mwaka hutushangaza kana kwamba ndiyo kwanza inatokea. Kwa hiyo twauliza: fedha hizo zinazotoweka kwa kasi namna hiyo huwanunulia wenyewe kitu gani hasa?

Haifai kusema kwamba mali haina maana. Askari ambaye nyumba ya mama yake kijijini inavuja, akiiezeka kwa mabati, amenunua raha itakayodumu masika mengi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 juu ya washindi wa bahati nasibu nchini Uswidi ulionyesha kwamba waliopata fedha nyingi waliridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka zaidi ya kumi. Lakini wachunguzi hao walipopima furaha yenyewe, athari ya fedha ilikuwa ndogo zaidi. Kuridhika na kufurahi ni mambo mawili, na wauzaji wa Desemba hupenda sana kuyachanganya.

Mapema zaidi, mwaka 1978, wataalamu watatu wa Marekani waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu katika jimbo la Illinois, wakawalinganisha na watu wengine 22 wa maeneo hayo hayo. Washindi hawakuonekana kuwazidi wenzao kwa furaha. Tena walionja utamu mdogo zaidi katika mambo ya kila siku, kama kula kifungua kinywa, kuzungumza na rafiki au kusikia mzaha. Waliohojiwa walikuwa wachache, nasi tusingejenga nyumba nzima juu ya msingi huo. Hata hivyo jambo lenyewe kila mtu amelishuhudia. Redio mpya huwa mpya kwa majuma matatu, kisha huwa redio.

Kambini kuna sababu nyingine ambayo raia hawaijui vizuri. Huko watu huishi mlango kwa mlango, na mwenye cheo kimoja hujua mshahara wa mwenzake hadi shilingi ya mwisho. Jumba la tajiri wa mjini halimnyimi koplo usingizi. Kinachomnyima usingizi ni makochi mapya yanayoshushwa mbele ya nyumba ya koplo mwenziwe, maana mkewe atauliza, na swali lake halina jibu: ninyi si mnalipwa sawasawa? Basi naye atakopa. Wako wanaomwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, kisha Januari mshahara huingia na kutoka pasipo mwenyewe kuuona. Furaha inayotegemea kumpita jirani haiwezi kukaa, kwa kuwa jirani naye hajalala.

Juu ya Krismasi yenyewe kumekuwapo uchunguzi. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Marekani waliwauliza watu 117, wa umri wa miaka 18 hadi 80, jinsi walivyoipitisha sikukuu hiyo. Walioiona kuwa siku ya jamaa na ya ibada walikuwa na furaha zaidi. Wale ambao kwao ilikuwa hasa siku ya kutumia fedha na kupokea zawadi walikuwa na furaha ndogo. Mchumi mwingine wa huko, mwaka 1993, alihesabu kwamba zawadi za Krismasi hupoteza kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya bei yake mara zinapofika mikononi mwa mpokeaji, kwa sababu mwenyewe asingezinunua kwa bei hiyo. Hesabu kavu hiyo, lakini aliyewahi kununuliwa viatu visivyomwenea ataielewa.

Wanajeshi wana historia yao katika jambo hili. Krismasi ya mwaka 1914, askari wa Uingereza waliokuwa katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji walipelekewa visanduku vya shaba vyenye sura ya Binti Mfalme Mary. Ndani mlikuwa na tumbaku na sigara, na kwa wasiovuta, peremende na vifaa vya kuandikia barua. Tumbaku iliteketea, lakini visanduku vilitunzwa, na vingine vimo katika makumbusho hadi leo. Siku hizo hizo, katika sehemu kadhaa za mstari wa mapigano, Waingereza na Wajerumani walitoka mahandakini, wakazika maiti zao, wakabadilishana vifungo vya koti na sigara. Kwingine bunduki hazikunyamaza, na mwaka uliofuata wakuu walikataza jambo hilo lisirudiwe. Kifungo cha koti hakikuwa na thamani dukani, ila waliokipokea walikisimulia miaka mingi.

Kutoa nako kuna nguvu yake. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi uliolinganisha Kanada, nchi tajiri, na Uganda: katika nchi zote mbili, watu waliokumbuka fedha walizotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha kuliko waliokumbuka walizojitumia wenyewe. Lakini kijijini askari huhesabiwa kuwa mtu wa serikali, na kilo mbili za nyama huonekana matusi. Kutoa kwa kuogopa maneno ya watu ni kulipa kodi tu.

Tena wengi wa wasomaji wetu hawatakuwapo nyumbani siku hiyo. Polisi watasimama barabarani, stendi za mabasi na milango ya makanisa. Wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakila Krismasi Somalia tangu mwaka 2007. Mtoto wa mtu kama huyo, akiulizwa anachotaka, hataji kanzu mpya kwanza. Hapa ndipo wakuu wa vikosi wana uwezo ambao hazina haiwezi kuwapa: orodha ya zamu. Ikibandikwa Novemba, na aliyelinda Krismasi iliyopita akapewa likizo safari hii, askari atapanga nauli kabla haijapanda, na mkewe atajua siku ya kumngojea. Ikibandikwa tarehe 23, atakayepata ruhusa atapanda basi kwa nauli maradufu, na atakayebaki atatuma fedha mahali pake mwenyewe, nyingi kuliko alizonazo.