Betri Mbovu Si Kadari



Leo hatuna mapishi wala mitindo. Leo tuna maneno, na yatawachoma baadhi ya watu. Atakayechomwa atuwie radhi, lakini ajiulize kwanza kwa nini yamemchoma.

Sisi ni wanawake watatu tunaoshona pamoja: sare za skuli, mabuibui, nguo za wafanyakazi wa hoteli. Tulikusanya pesa za mchezo, tukanunua gari ndogo ya umeme iliyokwishatumika, imetoka Japani. Aliyetuuzia alituapia kwamba ikijaa chaji inakwenda kilomita 150. Tukapiga hesabu zetu. Mjini hadi Paje ni kama kilomita 50, kwenda na kurudi 100, inabaki akiba. Tukatoa pesa.

Siku ya kwanza tuliyopeleka mzigo Paje tulirudi jioni. Tulipopita Jozani ikawaka alama ya kobe, gari ikaanza kutambaa. Hatujafika Tunguu ikasimama kabisa, magharibi inaingia, wanawake watatu njiani. Allah awalipe watu wa nyumba moja pale karibu waliosaidia kuisukuma, wakatutandikia mikeka tukasali, na wakatuchomekea gari kwenye soketi yao kwa saa tatu. Tuliwalipa uniti zao, wao hawakutaka, tukawashikisha kwa nguvu.

Tulipomrudia muuzaji alisema nini? "Mama, gari ni mtumba. Hayo ni majaaliwa." Tukapeleka shauri kwa wakubwa wa familia, nao wakatwambia: "Subirini, ndiyo kadari ya Mungu. Kusameheana ni bora."

Hapa ndipo tunapokataa, na tunakataa kwa dini, si kwa ubishi.

Hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na lile fungu la chakula sokoni sote tulisomeshwa chuoni. Alitia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye mali kuna nini. Yule mtu akajibu kwamba ni mvua imekinyeshea. Angalieni jibu hilo, dada zetu. Hakusema uongo. Mvua ni ya Mungu kweli. Lakini hakuambiwa kuwa basi ni kadari. Aliulizwa kwa nini hakuviweka juu vile vilivyorowa watu wakaviona, na akaambiwa kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja nasi.

Betri kuchakaa ni mvua. Joto linaichosha, miaka inaichosha, hakuna wa kulaumiwa. Kuificha kwa mteja ni mkono wa mtu. Msichanganye mambo mawili hayo mkaja kututuliza nayo.

Na fiqhi yetu haikutuacha hivi hivi. Mnunuzi akikuta aibu kwenye bidhaa ambayo hakuonyeshwa, ana hiari ya kuirudisha. Anayedai hivyo hakosi subira wala hana ulimi mrefu. Anadai haki aliyopewa. Kusamehe nako kuzuri, lakini kunakuja baada ya mtu kukiri. Huwezi kumsamehe anayekwambia hakukukosea.

Tena tunajua kwa nini tulifanyiwa hivi. Siku ile dukani alikuwapo mteja mwanamme, yeye alifunguliwa boneti. Sisi tulifunguliwa mlango, tukaoneshwa viti vya rangi ya maziwa, redio na kioo cha kujitazamia. Nasi tukachekacheka, tukasema mashaallah, inapendeza. Hilo ni kosa letu na tunalikubali. Sisi ambao hatununui jora la kitambaa mpaka tulikunjue, tulishike, tulitazame kwenye mwanga, tulinunua gari kwa kutazama rangi.

Kwa hiyo kwa dada anayetaka kununua, tunasema hivi. Kwenye gari ya umeme, betri ndiyo gari. Kama ni Nissan Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri, na vinavyopungua ndivyo betri inavyokwisha. Lakini usitosheke na hivyo, kwa sababu wapo wanaovirudisha kwa ujanja ili gari ionekane mpya, halafu ukiendesha siku chache vinashuka tena. Yapo matoleo ya zamani yenye betri ya kilowati-saa 24 na ya baadaye yenye 30 na 40. Uliza ni ipi. Betri ya matoleo hayo haipozwi kwa maji, na joto ni adui yake. Tafuta fundi mwenye kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinasoma betri na kuonyesha afya yake kwa asilimia kwenye simu. Kisha jaza chaji, washa kiyoyozi, endesha njia unayoijua mwenyewe, uone imekula kiasi gani. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu lako.

Wapo watakaosema: mliyataka wenyewe, gari ya umeme si ya kisiwani, umeme wenyewe unakatika. Sisi tunaukumbuka ule wa Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima giza, tulikuwa wasichana, nguo zikishonwa kwa cherehani ya mguu. Tangu 2013 tuna waya mwengine wa megawati 100 uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Unakatika bado? Unakatika. Lakini petroli nayo haichimbwi Bububu, inakuja kwa meli. Na kisiwa chetu kutoka ncha hadi ncha ni kama kilomita 85 tu. Kama kuna mahali gari ndogo ya umeme inafaa, ni hapa.

Nayo inafaa kweli, hatutaisingizia. Tunaichomeka baada ya Isha, alfajiri iko tayari. Kilomita 100 ni uniti kama 15 hivi, na gari ndogo ya petroli ingekunywa lita sita au saba. Hakuna kumwaga oili. ZURA ikitangaza bei mpya ya mafuta kila mwezi, sisi tunaendelea kupiga pasi. Gari haikutukosea. Aliyetukosea ni mtu.

Lakini ili tusiwe watu wa kuona kibanzi cha mwenzetu, tuseme na letu. Nyumba tunayoshonea ina mita moja ya tukuza kwa milango mitatu, na kila mlango unachangia sawa. Wiki mbili za mwanzo tulichaji gari usiku bila ya kumwambia mtu. Uniti zikawa zinayeyuka, mama wa mlango wa pili anadhani ni friji yake, akawa anaizima usiku na maziwa ya mtoto yanaharibika. Siku tulipojua hilo tulishindwa kula. Tukamwendea, tukamwambia ukweli, tukamlipa uniti na maziwa, tukaweka mita yetu peke yetu na waya mnene wa gari. Tungeweza kumwambia "ni majaaliwa, shoga, umeme siku hizi unakwenda." Angeamini. Na sisi tungekuwa sawasawa na yule bwana.

Basi tunataka mambo mawili, wala si makubwa. Wauzaji waandike afya ya betri kwenye risiti, kwa asilimia, kama wanavyoandika mwaka wa gari. Na wakubwa wetu wakiletewa shauri la mwanamke aliyeghushiwa, wamwite kwanza aliyeghushi, wamuulize alificha nini. Subira watuusie baadaye.

Mpaka leo hatujarejeshewa hata shilingi. Mzigo wa Paje unakwenda kwa daladala, na gari inabaki na safari za mjini, Bububu na Fuoni, ambako inatosha na kubaki. Siku tukiiuza, tutabandika karatasi kwenye kioo cha mbele yenye asilimia ya betri kama fundi alivyoisoma. Bei itashuka. Na ishuke. Vilivyorowa tutaviweka juu.

Allah atujaalie biashara ya halali, atukinge na kughushi na kughushiwa, na amzidishie kheri mama wa mlango wa pili aliyetusamehe. Amin.

Wabillahi tawfiq.