Mafuriko ya Nzoia Hayaanzi Budalang'i

Masika makali yanapowadia, macho ya taifa huelekezwa Budalang'i. Mto Nzoia hufurika, matuta yaliyojengwa kuuzuia hupasuka na wakazi hukimbilia kambini, kama ilivyotokea Mei 2020. Misaada hutolewa, matuta hukarabatiwa, kisha sote tukasahau hadi mvua nyingine.

Kwa maoni yangu, tunautibu ugonjwa huu mahali usipoanzia. Maji yanayoivamia Budalang'i hutoka mbali, katika vilima vya Cherangani na miteremko ya Mlima Elgon. Huko juu, ardhi yenye msitu huinywa mvua na kuiachilia polepole. Shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto haliiwezi kazi hiyo. Maji huporomoka kwa kasi yakibeba udongo. Udongo huo hutua tambarare, kina cha mto kikapungua, na matuta yaliyotosha jana yasitoshe leo. Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bonde la Nzoia, ufa uko milimani ilhali ukuta tunaujenga karibu na ziwa.

Dawa yenyewe inajulikana. Miti ya kiasili irejeshwe kwenye vyanzo vya maji, ukanda wa nyasi na mianzi uachwe kandokando ya mto, na vinamasi vya mafunjo visikaushwe, maana ndivyo vinavyoyapokea maji ya ziada. Sisemi matuta yabomolewe, la hasha! Nasema tu kwamba matuta pekee hayatoshi.

Tatizo ni gharama. Mkulima wa Cherangani mwenye ekari mbili akiacha sehemu ya shamba bila kulimwa, hasara ni yake, na faida ni ya mtu wa Budalang'i asiyemjua wala kumwona. Kumwita mkaidi kwa sababu anatafutia wanawe chakula ni kumwonea. Maadamu anatufanyia kazi sote, ana haki ya kulipwa.

Jambo hili si ndoto. Kuanzia 2010, wakulima wadogo wanaoishi juu ya Ziwa Naivasha, waliokubali kupanda nyasi na miti ili kuzuia mmomonyoko, walipewa hati za kununulia pembejeo. Waliochangia gharama hiyo ni watumiaji maji wa chini, wakiwemo wakuzaji maua. Lengo lao lilikuwa maji safi wala si kuzuia mafuriko, lakini funzo ni lile lile: anayefaidika na amsaidie anayejinyima.

Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji maji na kamati za mabonde. Kinachohitajika ni vyombo hivyo kupewa fedha na uwezo. Kaunti zote za bonde la Nzoia, kuanzia Trans Nzoia hadi Busia, hazina budi kutenga fungu la pamoja kwa ajili ya wakulima wa juu. Viwanda vinavyochota maji ya mto huo navyo vichangie. Aidha, wawakilishi wa Budalang'i na wa Cherangani wakutane kabla ya mvua, si baada ya maafa.

Nanyi walimu na wanafunzi, msidhani kwamba hili ni jukumu la wakubwa pekee. Shule iliyo karibu na mto yaweza kupima kina cha maji kila juma, kuchunguza jinsi rangi yake inavyobadilika mvua inaponyesha, na kuweka kumbukumbu. Fauka ya hayo, wanafunzi wa Kitale na waandikiane na wenzao wa Port Victoria. Mtoto wa mlimani akijua ni nani anayelala chini ya mteremko wake, hataliona jembe lililo ukingoni mwa mto kuwa jambo la familia yake peke yake.

Mto hauijui mipaka ya kaunti wala ya kabila. Tukiendelea kuugawa vipande vipande, kila mmoja akishughulikia chake, matuta yatazidi kupandishwa na watu wa Budalang'i watazidi kuhama.